Kabla ya kununua kadi ya sauti, jua kelele inatoka wapi

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mchana nikifanya kazi nasikiliza taarabu na rumba, usiku nacheza Counter-Strike 2, gemu la kurushiana risasi, na wenzangu. Natumia hedifoni ya waya yenye maiki, naichomeka tundu la mbele. Kuna mlio mwembamba kama wa mbu, na nikisogeza mausi unabadilika. Nikichomeka sabufa ndiyo kabisa, inavuma muda wote. Dukani nimeonyeshwa kadi mbili: moja ya kufunga ndani ya kompyuta, nyingine ya USB, ndogo kama flashi, imeandikwa 7.1. Nina laki moja na nusu. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umetaja jambo ambalo wengi husahau kulitaja, kwamba mlio unabadilika ukisogeza mausi. Hilo peke yake limenipa nusu ya jibu, kwa hiyo naanza nalo. Habari ya kadi mbili za dukani itafuata.

Wewe una kelele mbili, na kila moja ina chanzo chake. Ukizichanganya utanunua kadi, kelele moja itaondoka, nyingine itabaki, na utadhani umeuziwa kadi mbovu.

Tuanze na huyo mbu. Ndani ya kompyuta kila kifaa kinakula kutoka pawa saplai moja. Ukisogeza mausi prosesa inaamka, kadi ya grafiki inachora skrini upya, na umeme unavutwa kwa mikupuo midogo ya haraka sana. Sehemu ya sauti kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inafanya kazi na volti ndogo mno, hivyo mikupuo ile inaidaka na kukuletea masikioni. Tundu la mbele ndilo baya kuliko yote, kwa sababu waya wake unaanzia kwenye mazabodi, unakatiza kasha zima karibu na kadi ya grafiki, ndipo unafika mbele. Kwenye makasha ya bei ya chini waya huo mara nyingi hauna kinga ya maana.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujatoa hata shilingi, chomeka hedifoni nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la kijani. Usipige muziki wowote. Pandisha sauti hadi juu, tulia, sogeza mausi, fungua ukurasa wenye picha nyingi. Mlio ukiwa umetoweka, au umepungua hadi huusikii muziki ukipigwa, tatizo lako la kwanza limekwisha bure. Nimewaona watu wengi wakiondoka na furaha baada ya kuhamisha pini tu. (Kabla ya kuwasha muziki tena, rudisha sauti chini. Masikio hayana spea.)

Mlio ukibaki, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, upande wa maiki. Angalia kama kuna alama kwenye kile kipengele cha kujisikiliza mwenyewe kupitia hedifoni. Kama ipo, iondoe. Kisha angalia kiongeza nguvu cha maiki: kikiwa kimewekwa desibeli 20 au 30, kishushe. Maiki iliyopandishwa sana hukusanya kila uchafu wa umeme na kuurudisha kwenye masikio yako. Mwisho, chomeka hedifoni hiyo hiyo kwenye simu au redio. Ikilia vibaya na huko, basi kadi haina kosa, ni hedifoni.

Kelele ya pili, ule mvumo mzito wa sabufa, ni habari nyingine kabisa. Umeme wetu wa gridi unabadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaousikia ni wa hezi 50 au jirani zake, 100 na 150. Unatokea pale kompyuta na sabufa zinapofika ardhini kwa njia mbili tofauti huku zimeunganishwa pia na waya wa sauti. Hapo linakuwa duara la waya, umeme mdogo unazunguka ndani yake, na amplifaya ya sabufa inaukuza kwa bidii ile ile inayokuza besi. Jaribu kuchomeka vyote viwili, kompyuta na sabufa, kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi mvumo unakatika papo hapo. Usipokatika, kuna kikasha kidogo chenye transfoma mbili za sauti ambacho mafundi wa redio za magari wanakijua. Kinakaa katikati ya waya wa sauti na kulikata lile duara bila kuzuia muziki.

Kisha nakuomba umwite fundi umeme apime ethi ya nyumba. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu, lakini waya wa ethi umeishia ndani ya ukuta, haukufika kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi kama linakuchoma kidogo au linatetema kwenye ngozi, hiyo ndiyo dalili. Na mtu asikushauri kukata pini ya ethi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, lakini siku pawa saplai ikiharibika, umeme utakuwa umekaa kwenye kasha ukikusubiri wewe au mtoto. Hili sina mzaha nalo hata kidogo.

Sasa twende kwenye kadi.

Kadi ya sauti ina kazi tatu. Inageuza namba kuwa umeme, inaupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni, na kwa upande wa maiki inafanya kinyume, inageuza umeme kuwa namba. Maandishi makubwa kwenye boksi huwa yanasifu kazi ya kwanza: biti 32, kilohezi 384. Hiyo ndiyo kazi ambayo vifaa vya leo, hata vya bei ndogo, vinaifanya vizuri. Muziki wa CD umepimwa mara 44,100 kwa sekunde, na hilo linatosha kubeba sauti zote hadi kilohezi 20 na ushei, ambako ndiko mwisho wa sikio la kijana mwenye afya. Biti 16 zinatoa umbali wa desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Chumba chako usiku, feni ikizunguka, hakina ukimya wa kiasi hicho. Biti 24 zina faida kwa anayerekodi, maana zinampa nafasi ya kukosea kiwango bila kuharibu kazi. Kwa msikilizaji, namba zaidi ya hapo usizilipie.

Tofauti unayoisikia wewe iko kwenye kazi ya pili na kwenye usafi wa mahali inapofanyika. Ndiyo maana ile kadi ya kufunga ndani sikushauri. Inaingia ndani ya kasha lile lile lenye kelele, pembeni ya kadi ya grafiki ile ile, inakula umeme ule ule. Zipo kadi za ndani zilizokingwa vizuri ambazo ni safi kweli, lakini bei yake inaanzia mbali na laki moja na nusu yako. Tena kadi nyingi zilizotumika zinazozunguka madukani ni za mfumo wa zamani wa PCI, na mazabodi mpya zina nafasi za PCIe tu; pini zake hazifanani, haiingii. Hata ikiingia, kadi ya miaka hiyo huenda isipate draiva, yaani programu ya kuiendesha, kwenye Windows 10 au 11.

Hili la kadi ya gemu lina historia yake, nayo inafaa uijue kwa sababu ndiyo inayokufanya uambiwe dukani kwamba mcheza gemu lazima awe na kadi. Kompyuta za PC za mwanzo zilikuwa na kispika kimoja kilichojua kupiga mlio tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi ya kupiga muziki. Mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster ambayo ilipiga muziki na pia sauti zilizorekodiwa, na watengeneza gemu wakaanza kuiandikia kadi hiyo gemu zao. Ilipofika Sound Blaster Live! mwaka 1998, kadi ilikuwa na prosesa yake humo humo, ikikokotoa mwangwi wa pango, ukumbi au korido kwa mfumo ulioitwa EAX. Prosesa za kompyuta zilikuwa dhaifu wakati huo, kwa hiyo kadi iliupunguza mzigo kweli, na aliyekuwa nayo alisikia kitu ambacho jirani yake hakukisikia.

Kisha ikaja Windows Vista. Microsoft waliuandika upya mfumo wa sauti na kuiondoa ile njia ambayo gemu zilipitia kuzungumza moja kwa moja na vifaa vya kadi. Tangu hapo gemu nyingi hukokotoa sauti yake kwenye prosesa kuu, na kadi hukabidhiwa chakula kilichokwisha iva. Kuanzia siku hiyo neno gemu kwenye boksi la kadi maana yake imekuwa programu ya kuongeza madoido, amplifaya nzuri kidogo, na taa. Amplifaya inaweza kuwa na faida. Taa hazina.

Hapo ndipo tunaifikia ile ndogo yenye 7.1. Namba hiyo inahesabu spika: saba za kuzunguka chumba na moja ya besi. Wewe una masikio mawili na hedifoni yenye spika mbili, na kile kidude kina tundu moja la hedifoni. Nimefungua kadhaa za aina hiyo. Ndani kuna chipu ya njia mbili, kushoto na kulia basi, na hiyo saba nukta moja ni programu inayoongeza mwangwi. Sizitukani. Laptopu ambayo tundu lake la hedifoni limekatika inaokolewa na kidude kama hicho kwa hela kidogo sana. Lakini mwangwi ule utakuharibia taarabu, na utakuharibia gemu zaidi.

Nikueleze kwa nini. Sikio linajua mguu umekanyaga upande gani kwa dalili ndogo sana. Sauti ya kushoto inalifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, tofauti yake haifiki hata elfu moja ya sekunde. Kichwa kinaizuia kidogo isifike upande wa pili kwa nguvu ile ile. Na mikunjo ya sikio la nje inaibadilisha rangi ya sauti kulingana na kama imetoka mbele, nyuma au juu. Gemu la leo linaweza kuzikokotoa dalili hizo lenyewe na kuziweka ndani ya njia mbili za kawaida. Counter-Strike 2 inafanya hivyo kwa ajili ya wenye hedifoni. Sasa ukiwasha na 7.1 ya kadi juu yake, hesabu inapigwa mara mbili: sauti iliyokwisha kuwekwa nyuma yako inachukuliwa tena na kusambazwa pande zote. Mtu yuko nyuma ya ukuta wa kulia, wewe unageukia kushoto.

Kwa hiyo kwa gemu hilo, kwenye Windows chagua stirio ya kawaida, zima madoido yote ya kadi, na ndani ya gemu chagua hedifoni. Kuna gemu nyingine ambazo hazina hesabu hiyo lakini zinajua kutoa mikondo ya 7.1, kwa hizo jaribu Windows Sonic, ambayo iko bure ndani ya Windows tangu 2017. Dolby Atmos ya hedifoni inafanya kazi ya jinsi hiyo kwa malipo. Iwe moja tu kwa wakati, basi.

Nataja na Bluetooth, maana najua dukani watakuonyesha na hizo. Kwa muziki sina neno. Kwa gemu ziache: sauti inaweza kuchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na kwa hedifoni nyingi ukiwasha maiki yake kompyuta inahamia kwenye hali ya simu, muziki na gemu vyote vinageuka kama vinatoka kwenye kopo.

Laki moja na nusu ingekuwa yangu, ningeigawa hivi. Sehemu ndogo ningenunulia kigeuzi cha USB cha nje, yaani kadi ndogo ya sauti inayokaa nje ya kasha, ile ya njia mbili isiyo na majigambo. Sehemu kubwa iliyobaki ningeipeleka kwenye hedifoni, kwa sababu huko ndiko tofauti inakosikika hata na asiyejali. Kadi nzuri na hedifoni dhaifu ni mpishi hodari aliyepewa mchele mbovu.

Kigeuzi chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Kile kijiwaya cha Apple cha kutoka USB-C kwenda tundu la hedifoni, ambacho Marekani kinauzwa dola 9, ni kisafi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa, na kwenye Windows kinafanya kazi bila draiva. Tazama maandishi madogo kwenye waya: chenye namba A2049 kinatoa karibu volti moja, na A2155 cha soko la Ulaya kinatoa nusu ya hapo. Chukua cha kwanza. Nakala bandia ni nyingi, kwa hiyo usinunue mahali ambapo huwezi kurudisha. Kompyuta yako kama haina tundu la USB-C, utahitaji na kiunganishi kidogo cha kuingia USB ya kawaida. Creative nao wana Sound Blaster Play! 3, ya USB ya kawaida, yenye tundu la hedifoni na tundu la maiki mbali mbali.

Kuchagua kati ya hivyo viwili, tazama pini ya hedifoni yako. Ikiwa ni pini moja yenye mikanda mitatu myeusi, hedifoni na maiki vimo pamoja, na kijiwaya cha Apple kinaipokea moja kwa moja. Ikiwa ni pini mbili, moja ya kijani na moja ya waridi, ya Creative itakukaa vizuri zaidi. Watu wengi hulaumu kadi kwamba haisikii maiki, kumbe ni pini isiyolingana na tundu.

Chukua hedifoni yako na simu uende navyo dukani. Kama simu yako inapokea USB, chomeka kigeuzi kwenye simu, weka sauti juu bila kupiga kitu, sikiliza. Kisicho safi kitajisema hapo hapo. Nyumbani kichomeke USB ya nyuma, ukiweza kwa waya mfupi wa kurefusha ili kikae mbali na kasha.

Kwenye hedifoni, tafuta namba ya omu, kipimo cha jinsi inavyoukinza umeme. Za omu 16 hadi 32, ambazo ndizo nyingi, zinasukumwa na kigeuzi chochote nilichokitaja. Ukiletewa hedifoni ya studio iliyotumika, soma kwanza: Sennheiser HD 600 ni omu 300, Beyerdynamic DT 770 Pro huja kwa omu 32, 80 au 250, na kwa kuzitazama zinafanana. Zile za omu nyingi zitakulilia kwa sauti ndogo bila amplifaya. Kifaa kama Sound Blaster X G6 kinaziweza, lakini hiyo si bajeti ya leo.

Baada ya kufunga, weka Windows kwenye biti 24 na hezi 48,000. Kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti kinapandisha nyayo za adui, ni kweli, lakini kizime ukirudi kwenye muziki. Kinazipandisha sauti ndogo hadi zilingane na kubwa, na taarabu inaishi kwenye tofauti hiyo. Ukitaka kurekebisha besi, pakua programu ya Equalizer APO, ni ya bure. Punguza kilichozidi badala ya kuongeza kilichopungua, maana ukiongeza kila kitu sauti itapasuka.

Na kitu kimoja ambacho wauzaji hawakuambii. Taarabu asilia nyingi tulizonazo zilitoka kwenye kanda, zikaingizwa kwenye kompyuta na mtu fulani, zikabanwa kuwa MP3, zikabanwa tena kwa kutumiana simu kwa simu. Kigeuzi kisafi kitakuonyesha mkwaruzo wa kanda ambao zamani ulifichwa na yule mbu wako. Usishtuke. Nyimbo ulizozishusha kwenye tovuti zinazodai kuitoa YouTube kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde, zifute uzitafute upya kwenye chanzo halali, kwa sababu sauti ya YouTube yenyewe haifiki hapo. Kisha chukua rumba iliyorekodiwa vizuri, subiri sebene, funga macho. Gita la solo na lile la mi-solo yasikike kama watu wawili waliosimama mahali pawili. Kwenye taarabu sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi: kila uzi uanze na kuisha wenyewe, usimezwe na fidla.

Lakini anza na tundu la kijani la nyuma, leo. Kisha niandikie mlio ulikuwaje, mausi ikitembea na mausi ikiwa imetulia.